Cheo cha Viscount Stansgate: Urithi Uliokanwa

Nchini Uingereza vyeo vya ukabaila vya kurithiwa hupangwa katika daraja tano: Duke, Marquess, Earl, Viscount na Baron. Kwa karne nyingi mwenye cheo cha namna hiyo, kwa kawaida, alipata kiti katika Baraza la Malodi pasipo kuchaguliwa na mtu yeyote. Lakini heshima hiyo ilikuwa na kifungo chake: aliyekalia kiti cha urithi hakuruhusiwa kukaa katika Baraza la Makabwela, yaani baraza la wajumbe waliochaguliwa na raia. Historia ya cheo cha Viscount Stansgate yaonyesha jinsi kifungo hicho kilivyolegezwa.

Cheo hiki kilianzishwa mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa ajili ya William Wedgwood Benn, mwanasiasa wa chama cha Labour. Mrithi wake alikuwa Michael, mwanawe wa kwanza, aliyenuia kuwa kasisi. Michael alifariki vitani mwaka 1944 akiwa rubani, na urithi ukamwangukia mdogo wake Anthony, aliyejulikana baadaye kwa jina la Tony Benn.

Tony Benn alichaguliwa mbunge wa Bristol South East mwaka 1950. Mwaka 1955 aliomba Bunge limruhusu kuukana urithi kabla haujamfikia, akakataliwa. Baba yake alipofariki mnamo Novemba 1960, mwana akawa lodi papo hapo bila kuulizwa ridhaa yake, na kiti chake kikahesabiwa kuwa wazi. Katika uchaguzi wa Mei 1961 raia wa Bristol walimchagua tena kwa wingi wa kura zaidi ya 13,000. Mahakama ya uchaguzi ilitangaza kwamba kura hizo zilipotea bure, kwa sababu wapiga kura walijua kuwa hana sifa. Kiti akapewa mshindani wake, Malcolm St Clair. Ndipo swali likawa wazi kwa taifa zima: je, damu ya ukoo ina nguvu kuliko kura ya raia?

Jibu lilitolewa na sheria ya tarehe 31 Julai 1963, iliyomruhusu mrithi kukana cheo chake maisha yake yote. Anayerithi hupewa miezi 12 ya kuamua. Aliyekuwa mbunge alipewa mwezi mmoja tu. Benn alikana siku ile ile, akiwa wa kwanza kufanya hivyo. St Clair alijiuzulu kama alivyoahidi, na Benn akarudi bungeni kwa uchaguzi wa Agosti 1963. Mwezi Oktoba sheria hiyo hiyo ilimfaa Earl wa 14 wa Home: alikana cheo chake ili aongoze serikali kama Waziri Mkuu akiwa mbunge wa kuchaguliwa.

Hata hivyo sheria humfungua mtu, haikiui cheo. Cheo hulala tu mpaka aliyekikana afariki. Tony Benn alipofariki mwaka 2014, mwanawe Stephen akawa Viscount Stansgate wa tatu. Wakati huo sheria ya 1999 ilikwisha waondoa warithi wengi katika Baraza la Malodi, ikabakiza viti 92 tu. Mwaka 2021 Stephen alipata kimojawapo. Mlango ambao baba alipigana miaka mingi asiupite, mwana aliupita kwa hiari yake.