Sumu Isiyo na Harufu Ndani ya Ndege Ndogo

Katika ndege kubwa za abiria, rubani akishikwa na maradhi angani, mwenziwe aliye ubavuni hushika usukani na safari ikaendelea kwa salama. Lakini katika ndege ndogo, ambayo aghalabu huwa na rubani mmoja tu, afya ya mtu huyo ndiyo afya ya chombo kizima. Ndiyo maana matabibu humpima moyo na macho kabla hajapewa idhini ya kuruka. Walakini iko hatari moja ambayo kipimo chao hakiwezi kuibashiri, kwa kuwa haimo mwilini mwake siku ya kupimwa, bali humwingia akiwa kazini.

Usiku wa tarehe 21 Januari 2019, ndege ya Piper Malibu iliyotoka Nantes, Ufaransa, kuelekea Cardiff ilianguka baharini karibu na kisiwa cha Guernsey, ikiwa na rubani na mcheza kandanda wa Argentina, Emiliano Sala. Damu ya Sala ilipopimwa, asilimia 58 ya hemoglobini yake, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ilikutwa imeshikwa na gesi ya kaboni monoksidi, kiasi kinachotosha kuua. Na wachunguzi wa Uingereza, katika ripoti yao ya Machi 2020, wakasema kwamba rubani alishindwa kuimudu ndege alipokuwa akiigeuza, na kwamba yamkini sumu hiyo ilikwisha kumwathiri yeye pia.

Gesi hiyo hutoka katika moshi wa injini ya pistoni. Katika ndege nyingi za namna hii, joto la ndani hupatikana kwa kupitisha hewa safi kandokando ya bomba la moshi. Bomba likipata ufa, moshi huchanganyika na hewa hiyo ukawafikia waliomo. Gesi yenyewe haina rangi wala harufu, na hemoglobini huishika kwa nguvu iliyo zaidi ya mara 200 ya ile inayoshikia oksijeni, hata damu ikawa kama jahazi lililosheheni shehena isiyotakiwa. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu rubani huweza kuyadhania uchovu, ilhali akili ambayo ingemwonya ndiyo inayodhoofishwa.

Ndege ile haikuwa na kitambuzi cha gesi chenye kutoa king'ora, wala sheria haikukilazimisha. Kifaa hicho ni kidogo na bei yake nafuu. Nacho kikilia, yampasa rubani azime kipasha joto, aingize hewa safi, na atue uwanja ulio karibu, ijapokuwa yeye mwenyewe ajiona mzima.