Foni ndani ya pikapu: nguvu iko kwenye antene na masi

Shofere anayetoka Bukavu kwenda Walikale kwa barabara ya taifa nambari 3 anapita Miti, anaingia msitu wa Kahuzi-Biega, anafika Bunyakiri, kisha Hombo. Sehemu nyingi za safari hiyo simu haina rezo. Gari likikwama kwenye matope jioni, msaada ni gari lingine litakalopita, na siku za mvua linaweza kukosa kupita hadi asubuhi. Hapo ndipo foni, ile redio ya kuitana tuliyozoea kuiona ndani ya magari ya mashirika ya kiutu, inakuwa na faida hata kwa mwenye pikapu ya mizigo.

Lakini foni si za aina moja. Ile yenye antene ndefu mbele ya Land Cruiser za mashirika inafika mamia ya kilomita, kwa sababu mawimbi yake yanagonga anga ya juu na kurudi chini. Bei yake ni kubwa. Redio ndogo inayoitwa CB ni ya bei nafuu zaidi. Ile ya megahezi 27 ilianza Marekani mwaka 1958, na mashofere wa malori wa huko waliipenda sana wakati wa shida ya mafuta ya 1973. Ina chaneli 40 kwenye megahezi 27, na nguvu yake ya kawaida ni wati 4 tu. Katika milima na msitu wetu, mtu asitegemee zaidi ya kilomita chache. Inafaa kwa magari mawili au matatu yanayofuatana. Kumwita mtu aliye Bukavu ukiwa Hombo, hapana.

Wanunuzi wengi wanaangalia kisanduku kwanza: taa, vifungo, jina la kiwanda. Kazi kubwa inafanywa na antene. Kwa megahezi 27, antene kamili ya robo ya wimbi ina urefu wa karibu mita 2 na sentimita 75. Zile fupi zina waya uliozungushwa ndani, na zinapoteza nguvu kidogo. Mahali pazuri zaidi ni katikati ya paa. Ikifungwa pembeni ya sehemu ya mizigo, magunia na mabidoni yakipandishwa juu yake yanaikata sauti. Tena kwetu watu wanakaa juu ya mizigo: anayeshika antene wakati shofere anaongea anaweza kuungua mkono. Matawi nayo yanaipiga, kwa hiyo chini yake iwekwe springi.

Antene inahitaji masi, yaani chuma cha mwili wa gari. Fundi akwangue rangi mpaka chuma kionekane, akaze boluti, apake grisi. Barabara mbaya inalegeza boluti na matope yanaleta kutu, na foni iliyoongea vizuri mwezi wa kwanza inaanza kukatika.

Umeme uchukuliwe moja kwa moja kwenye batri, na fizibu iwekwe karibu na batri yenyewe. Akiutoa kwenye tundu la kuwashia sigara, mara nyingi atasikia mlio unaopanda kila motere ikiongezewa mwendo. Huo unatoka kwenye alternateri. Motere za mazutu hazina buji, basi kelele nyingine ni ndogo. Malori mengi ni ya voliti 24: foni ya voliti 12 ikifungwa humo bila kipunguza umeme inaungua. Kuchukua batri moja kati ya mbili ni ujanja unaomaliza batri hiyo mapema.

Kabla ya kuongea, fundi apime antene kwa kipimo chake, kwenye chaneli ya 1 na ya 40. Namba ikiwa chini ya 1,5 ni vizuri. Ikipita 3, mikro isibonyezwe. Ikiwa kubwa zaidi kwenye 40, antene ni ndefu, ipunguzwe kidogo. Ikiwa kubwa kwenye 1, ni fupi. Kubonyeza mikro bila antene kabisa kunaweza kuua foni siku ya kwanza.

Kuna pia karatasi. Masafa ni mali ya Serikali, na mamlaka inayoyasimamia ni ARPTC. Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na katika eneo la vita askari wa bariere akiona redio isiyo na kibali anaweza kumshuku shofere kuwa anapeleka habari kwa adui. Mwenye gari aulize kwanza, na nakala ya kibali ikae ndani ya gari. Halafu mashofere wakumbuke kwamba CB inasikika na kila aliye na chombo kama hicho: pesa na mizigo ya thamani havitajwi hewani.

Jaribio lifanyike Miti, kabla ya msitu. Gari moja libaki, lingine liende kilomita moja, kisha tatu, kisha tano, likiita kila mara kwenye chaneli waliyopatana. Sauti ikikatika kwenye kilomita ya kwanza, fundi arudi kwenye masi kabla ya kulaumu kisanduku.