Majitaka Yenye Mdomo na Yasiyo na Mdomo (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita niliahidi kukieleza kibali chenyewe. Kinaitwa kibali cha kutiririsha majitaka, na kwa sisi wa Nyakato na Musoma yote hutolewa na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake Mwanza, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Jina linapotosha. Mtu akisikia "kibali" hudhani mwenye kiwanda ameruhusiwa kumwaga atakacho. Sivyo. Ameruhusiwa kumwaga maji aliyokwisha kuyasafisha mpaka yakafikia viwango, na viwango hivyo ni namba.

Tuchukue namba moja tu. Maji huchotwa mdomoni mwa bomba, yakiwa machafu mno huzimuliwa kwanza, kisha hutiwa kwenye chupa inayozibwa isiingie hata kiputo cha hewa. Chupa hukaa gizani siku tano, katika nyuzijoto 20. Vijidudu vilivyomo hula uchafu, na kadiri vinavyokula ndivyo vinavyomaliza oksijeni. Siku ya tano hupimwa iliyobaki. Kwa kanuni zetu za mwaka 2007, oksijeni iliyoliwa isizidi miligramu 30 kwa kila lita. Maji yaliyooshea samaki kiwandani, yenye damu na mafuta, yasiposafishwa huvuka kiwango hicho mara nyingi.

Kwa nini siku tano? Kipimo hiki kilipata nguvu Uingereza mwaka 1912, na inasimuliwa kwamba huko hakuna mto unaochukua zaidi ya siku hizo kufika baharini. Sisi hatuna bahari ya kutupia. Maji mengi ya Ziwa Victoria huondoka kwa kugeuka mvuke, na mto unaotoka ni mmoja tu, Nile, pale Jinja. Uchafu haugeuki mvuke. Ndiyo maana kipimo huchukuliwa bombani kabla maji hayajachanganyika, asije mtu akajitetea kwamba ziwa ni kubwa.

Hapo sheria imesimama sawasawa. Inapochechemea ni kwenye uchafu usio na mdomo, yaani usiotoka kwenye bomba.

Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ilipotaja kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza, watu waliangua kicheko: ng'ombe si walikuwapo tangu enzi za mababu? Nami nilicheka. Wengi macho yao yalikuwa kwenye mgodi wa North Mara, uliopigwa faini ya shilingi bilioni 5.6 na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) mwaka 2019 kwa maji yaliyovuja kutoka bwawa lake la mabaki. Kinyongo hicho kina sababu. Lakini irudie ile chupa: kijidudu hakiulizi oksijeni kinaimalizia damu ya sangara, samadi au mafunjo yaliyooza. Tofauti ni kwamba mgodi una anwani ya kupelekewa barua. Zizi la ng'ombe halina, wala shamba lililolimwa hadi ukingoni mwa mto.

Wala choo changu na chako. Musoma ni mji wa mawe. Fundi akichimba shimo hukutana na mwamba mapema, akaliacha fupi, nalo hujaa upesi. Mwenye uwezo huita gari la kunyonya majitaka. Asiye nao husubiri mvua kubwa ya usiku akatapisha choo, na maji yakashuka na mtaro kuelekea ziwani, tunakochota ya kunywa. Hakuna afisa wa bonde atakayeweka chupa kwenye mtaro huo.

Hata gari lenyewe lina mdomo, ule wa nyuma. Likija kwako, kabla hujalipa, mwulize dereva anakwenda kumwaga wapi.