Jua Lililo Nyuma ya Ukungu

Asubuhi za hapa Manga, nchini Kenya, ni za baridi. Ukungu hutanda ukingoni mwa mlima, wachuma chai huingia shambani na sweta, na mzazi wa mtoto mwenye ualbino humwachia aende shule bila kofia kwa kuwa jua halijatoka. Kumbe limeshatoka. Kinachoharibu ngozi si joto, ni miale ya urujuanimno, na miale hiyo haionekani wala haihisiwi. Mawingu mepesi huipitisha sehemu kubwa. Tena kila mita 1,000 mtu anazopanda, nguvu ya miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10, maana hewa ya kuichuja inapungua. Manga iko jirani na ikweta, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Siku yenye anga sawa, anayejikunyata kwa baridi hapa hupigwa na miale mikali kuliko aliyekimbilia kivuli Mombasa.

Weusi wa ngozi hutupa wengi wetu kinga kubwa. Wakenya 9,729 waliohesabiwa kuwa na ualbino katika sensa ya 2019 hawana kinga hiyo. Madhara yao hujilimbikiza siku baada ya siku tangu utotoni, na saratani ya ngozi huwafika wangali vijana.

Katika kujikinga, mimi huanza na nguo kabla ya mafuta: shati la mikono mirefu lililofumwa vizuri, sketi ndefu au suruali, kofia ya ukingo mpana inayofunika masikio na shingo. Kepu haitoshi. Mwalimu anayemvua mtoto mwenye ualbino kofia kwenye paredi kwa sababu si sare anamdhuru, na mzazi ana haki ya kumwendea na kumweleza.

Mafuta ya kujikinga na jua, ya SPF 30 au zaidi, hupakwa sehemu zilizobaki wazi kabla ya kutoka, kwa wingi, na kurudiwa kila baada ya saa mbili. Ukiyabana ili chupa idumu, kinga hupungua sana. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huyatoa bure kwa waliosajiliwa, kupitia hospitali za umma. Kazi za shamba zimalizwe kabla ya saa nne asubuhi, au zingoje saa kumi.

Kidonda au gamba lisilopona kwa mwezi mmoja, hasa usoni, masikioni, mdomoni au shingoni, lipelekwe hospitali mara moja. Likiwa dogo, mara nyingi hukatwa kwa ganzi ya mahali pale tu, na mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo.