Batri inakufa usiku: nani anakula umeme wakati gari limelala?

Ndugu wanakooperative, tunajua gazeti hili ni la mpunga, karanga na mihogo. Lakini mchele uliokwisha kukobolewa na ungali juu ya gari lisilowaka, huo haujauzwa bado. Jioni gari linaingia vizuri. Asubui shofere anageuza ufunguo: tik, tik, basi. Watu wanaitwa kusukuma. Kama mzigo ni wa kuvuka Lualaba kwenda kungoja treni pale Samba, mnajua wenyewe: ukiikosa, nyingine haiji kesho.

Halafu komite inafanya nini? Inafungua kisanduku, inanunua batri mpya. Kooperative moja upande wa Kabambare ilinunua batri mara tatu katika mwaka mmoja kwa ajili ya kamyo yake. Mara ya tatu watu walianza kumshitaki papa shofere, eti usiku anachajisha simu za watu na kukula ile pesa. Alikuwa karibu kufukuzwa. Nitarudi kwa habari yake.

Batri ya risasi na asidi ni kitu cha zamani. Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, na tabia yake haijabadilika sana: inapenda kushiba, haipendi kulala njaa. Ikiachwa tupu siku nyingi, mabamba yake ya ndani yanafunikwa na chumvi ngumu ya risasi, na hapo hata ukiichaji haishibi tena. Basi batri mpya ikiwekwa kwenye gari lenye ugonjwa, inaambukizwa tu.

Njia ya kwanza haitaki chombo chochote, kle namba 10 tu. Siku gari limetembea muda mrefu na batri imechajiwa, fungua waya wa upande wa – jioni, uuache nje usiku kucha. Asubui uurudishe. Gari likiwaka vizuri, wakati siku zingine halitaki, kuna kitu kinakula umeme usiku. Likikataa vile vile, batri yenyewe ni mgonjwa, ao alternateri haiichaji. Jambo hili dogo lingeokoa pesa ya batri mbili kule Kabambare.

Mwenye testeri anaona zaidi. Batri ya volti 12 iliyoshiba na kupumzika inaonyesha karibu 12.6. Ikionyesha 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 imekwisha. Mashini ikiwaka lazima ipande kati ya 13.8 na 14.4, isipopanda, angalia mukanda na alternateri kwanza, usisumbuke na mambo ya usiku. Kamyo yenye batri mbili za kufuatana, hesabu hizo uzizidishe mara mbili.

Sasa kumtafuta mwizi mwenyewe. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango, sababu ampuli ya ndani itakudanganya. Fungua waya wa –. Weka testeri kwenye tundu la amperi 10, kichwa kimoja kwenye waya, kingine kwenye batri, umeme wote upite ndani yake. Usijaribu kuwasha gari wakati testeri iko pale, itaungua. Vua na pete ya kidole. Gari jipya lenye kompyuta lingojee nusu saa ao zaidi lilale. Land Cruiser ya zamani haina cha kungojea. Ukiona chini ya 0.05, hakuna neno. Ukiona 0.5, batri ya 70 itafika nusu kwa siku tatu hivi. Ndiyo maana gari linalotembea kila siku linaficha ugonjwa, lakini likilala toka ijumaa mpaka jumatatu linakufa.

Hapo unatoa fizibu moja moja huku mwenzako anaangalia testeri. Ile ambayo ukiitoa namba inashuka, fuata waya wake: posti ya muziki, taa ya ndani, pembe. Asiye na testeri anaweza kutumia ampuli ndogo ya 5 W ya volti zile zile za gari, mahali pa testeri. Ikiwaka sana, umeme mwingi unatoka.

Kwa kamyo ya Kabambare fizibu zote zilitolewa, na testeri ikabaki kwenye 0.8. Maana yake umeme ulikuwa unapita njia isiyo na fizibu. Hapo watuhumiwa ni wachache: alternateri iliyoharibika diodi (fungua waya wake mnene, uufunike na mpira, upime tena), demareri, ao waya wa kuongezwa na watu. Tuliangalia chini ya kiti. Waya mbili zilitoka kwa batri moja tu kati ya zile mbili, zikaenda mpaka kwenye mashini ya sauti ya volti 12, ile ya kuitia watu mkutano. Komite yenyewe ndiyo iliyoagiza iwekwe! Swichi yake ilizima mikrofoni, haikuzima mashini.

Na ubaya ulikuwa wa pande mbili. Batri iliyofungiwa zile waya ilikuwa na njaa daima. Mwenzake ilichajiwa kupita kiasi mpaka maji yake yakakauka. Kwa hiyo zilikufa zote, kila moja kwa ugonjwa wake. Kwenye kamyo ya volti 24 usichukue kamwe volti 12 kutoka batri moja. Nunua kipunguza volti, na uweke fizibu karibu na batri.

Wenye pano za jua kwenye depo, angalieni vile vile: onduleri iliyoachwa wazi usiku inakula hata bila kuchaji simu moja.

Mashini ya sauti ilifungwa upya, kwenye ufunguo wa gari. Batri moja iliongezwa maji safi ya batri, ikachajiwa polepole, ikarudi kazini. Ya pili haikupona. Papa shofere angali anaendesha, na komite ilimuomba msamaha mbele ya mkutano mkuu, bila mikrofoni.