Waliobaki Milimani: Asili ya Mashimo ya Ngoro

Vijana wetu huku ughaibuni wanapenda sana hadithi za dunia iliyokwisha. Vita vimepita, miji imebomoka, na kwenye rasi moja ya jangwa limebaki jimbo lenye koo chache zinazogombea visima. Wengine wanazitunga wenyewe, wanachora ramani na kuwapa watu wa jimbo hilo majina na mila. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Ninachowaomba ni kimoja: wasiamini kwamba watu walionusurika lazima wawe majambazi, na kwamba mwenye silaha ndiye atakayekuwa na maji. Mkoa wa Ruvuma umewahi kuona dunia yake ikiisha, tena zaidi ya mara moja. Waliobaki hawakuishi hivyo. Anayetaka kutunga jimbo la namna hiyo aanzie kwetu, Ukata na milima yote ya Mbinga, hadi inapoteremkia Ziwa Nyasa.

Chanzo cha mambo kiko kusini kabisa mwa Afrika. Vita vya zama za Shaka, mfalme wa Wazulu, mwanzoni mwa karne ya 19, viliwang'oa watu wengi makwao. Zwangendaba, kiongozi wa Wangoni, akawaongoza watu wake kwenda kaskazini, wakavuka Zambezi Novemba 1835, siku ile jua lilipopatwa, naye akafia Ufipa katika miaka ya 1840. Kundi likagawanyika. Baadhi yao wakaja Songea, ambako walikutana na Wangoni wa Maseko waliofika kwa njia nyingine, wakapigana nao hadi wakawafukuza. Ndiyo asili ya Ungoni. Leo tumeoana nao kiasi kwamba hakuna ukoo wa kwetu usio na shemeji Mngoni, lakini wakati ule majeshi yao yalipopita kijijini, ghala lilibaki tupu na vijana walichukuliwa.

Watu wa ziwani walikimbilia majini na kwenye miamba. Walijenga vibanda juu ya nguzo ndani ya maji, na pale Liuli wazee bado wanalionyesha jiwe la Pomonda kama maficho ya zama za vita. Wamatengo, wenyeji wa milima ya Mbinga, walipanda juu zaidi, kwenye mapango na miteremko ambayo hakuna jeshi lililotamani kuipanda.

Usalama ukapatikana. Ila mtu hali usalama. Milima ile ina mvua inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Ukilima mteremko kama huo kwa jembe la kawaida, misimu michache tu udongo wote umeshateremka mtoni, nawe umebaki na mwamba. Kwa hiyo jangwa lilikuwa linawangoja hata hapo penye mvua tele. Wazee wengi husimulia kwamba ngoro ilishika mizizi katika msongamano huo wa watu milimani.

Ngoro yenyewe ni hivi. Mvua zikielekea ukingoni, Februari au Machi, majani marefu ya shambani hufyekwa na kuachwa yanyauke. Kisha hukusanywa na kulazwa kwa mistari, mingine ikifuata mteremko na mingine ikiukata, hadi mlima mzima umechorwa miraba, kila mmoja kiasi cha mita moja na nusu. Hapo ndipo jembe linaingia. Mlimaji anasimama katikati ya mraba, anachimba na kurushia udongo juu ya majani pande zote nne, mpaka majani yamezikwa na katikati pamebaki shimo. Maharage hupandwa juu ya tuta papo hapo. Mahindi hufuata mwishoni mwa mwaka, wakati majani yaliyozikwa yameshaoza na kuwa mbolea. Mvua ikipiga, kila shimo linadaka maji yake na udongo wake; kilichotoka kwenye tuta kinatua shimoni, hakifiki mtoni. Magugu nayo hutupwa humo humo. Mzunguko ukiisha mashimo huchimbwa upya mahali pengine katika shamba lilelile, na mlima unaendelea kulisha watu mwaka hadi mwaka.

Ukisimama ng'ambo ya bonde unaona mlima umejaa vitobo kuanzia kileleni hadi mtoni, mistari imenyooka kana kwamba imepigwa kwa kamba.

Ufundi peke yake usingetosha. Ardhi iligawanywa kwa ntambo, yaani mgongo mmoja wa mlima uliozungukwa na vijito, na kila ntambo ilikuwa ya ukoo. Mwenye mteremko alikuwa na msitu wake juu, shamba katikati na maji chini, kwa hiyo aliyeharibu juu alijiharibia mwenyewe chini. Na jioni wanaume wa ukoo walikutana kwenye sengu: kila nyumba ilileta chakula, kikaliwa pamoja, na mashauri yakafanyika hapohapo. Migogoro ya mipaka, mgonjwa asiyeweza kulima, mjane, mtoto asiye na baba, yote yalisemwa mbele ya chakula cha wote. Kwa maoni yangu sengu iliokoa watu wengi kuliko mapango.

Dunia ikaisha tena mwaka 1905, safari hii upande wa Ungoni. Vita vya Majimaji vilivyoanzia Umatumbi vilifika Songea mwaka huohuo. Kapteni Wangenheim wa jeshi la Wajerumani alimwandikia gavana wake kwamba njaa ndiyo itakayowamaliza waasi, na ndivyo ilivyofanywa: mashamba na maghala yalichomwa. Februari 27, 1906 zaidi ya watu 60 walinyongwa Songea, Nkosi (chifu) Mputa Gama akiwa mmoja wao. Kwa nchi nzima ya kusini, wanahistoria wa baadaye wamekadiria vifo vya watu kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa. Vijiji viligeuka pori, mbung'o na tembo wakachukua mahali pa watu, na sehemu ya nchi hiyo iliyohamwa ikaja kuingizwa katika pori la akiba la Selous. Watalii wanaoisifu nyika isiyo na watu mara nyingi wanatazama mahame. Baadaye vijana wa Songea walikwenda kwa maelfu kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge. Hao ndio watu wetu wa kwanza wa ughaibuni.

Waingereza walipokuja waliiona ngoro na kuistaajabia. A. H. Pike aliandika juu yake mwaka 1938, Stenhouse akafuata mwaka 1944. Ninahuzunika kwamba serikali hiyohiyo iliwalazimisha Waluguru wa Morogoro kuchimba matuta ya ngazi wasiyoyataka, hadi ghasia zikazuka mwaka 1955. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kyoto walirudi Mbinga miaka ya 1990, wakakaa na wakulima na kupima kila kitu.

Mtunzi wa hadithi asije akalifanya jimbo hili kuwa pepo. Kufyeka na kulaza majani ni kazi ya wanaume, lakini kuchimba na kufukia, kazi ya kuvunja mgongo, imekuwa ya wanawake. Kahawa iliyoingia miaka ya 1920 ilileta fedha, nayo fedha ikaenda mfukoni mwa mwanamume, huku mama akibaki na jembe. Siku hizi wasichana wanaomaliza shule hawataki kuinama juu ya mashimo 1,000 kwa ajili ya maharage, na mimi siwezi kuwalaumu. Tunaotuma fedha nyumbani tunajenga nyumba za bati na kulipa ada, vema kabisa, lakini fedha ya kumlipa mchimbaji wa ngoro ujira wa haki hatuitumi. Shamba la mama likiachwa misimu miwili bila kuchimbwa, mvua ya tatu haisubiri.