Kutunza Sentpolia Nyumbani

Sentpolia ni mmea mdogo wenye maua ya zambarau. Asili yake ni misitu ya Tanzania na Kenya, kama ile ya Usambara, ambako huota penye kivuli na unyevu.

Kabungu, mkoani Katavi, hewa ya kiangazi huwa kavu. Huko, sentpolia iwekwe dirishani pasipo jua kali. Kopo litobolewe chini, maji yasituame na kuozesha mizizi. Mwagilia udongo unapoanza kukauka, bila kulowesha majani.

Misitu inapofyekwa, sentpolia za porini hupungua. Usizing'oe. Kata jani la mmea wa nyumbani, uchomeke kikonyo chake katika udongo wenye unyevu. Baada ya majuma kadhaa litaota mizizi.

Swali: Kwa nini sentpolia haistawi juani?